Kamera ya theluji, kamera ya radi

Maelezo mengi ya kamera za ulinzi za nje huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye theluji inamfika mlangoni. Sifa inayotangulizwa ni baridi ambayo kifaa kinaihimili: nyuzi 20 chini ya sifuri, nyuzi 30, hata 40. Mtu wa Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo, ana haki ya kucheka. Mji wake uko takriban nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta, na asubuhi yenye baridi kuliko zote za mwezi wa saba humdai koti jepesi na kikombe cha chai, basi.

Asiitupe karatasi ya maelezo lakini. Vita vya 1996 vilipofika mashariki mwa Kongo, watu wa Uvira, Fizi na jirani zao hadi upande wa wilaya ya Kabambare, Maniema, walivuka Ziwa Tanganyika kwa makumi ya maelfu kwenda Kigoma, Tanzania, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa kambini, wengine wakaoa humohumo, kisha zikaja safari za ndege: familia hii Marekani, ile Kanada, nyingine Australia. Leo kuna mpwa wa mtu wa Kabambare anayekwangua barafu kwenye kioo cha gari huko Fargo, Dakota Kaskazini, au Winnipeg, Kanada, saa kumi na moja alfajiri ili awahi zamu ya kiwandani. Huyo ndiye anayenunua kamera, kwa sababu vifurushi vyake vinaibwa kizingitini mchana akiwa kazini. Na huyo ndiye anayeituma nyingine nyumbani, ndani ya sanduku la mtu anayesafiri, ishuke Bukavu au Kalemie kisha ifike Kasongo kwa njia yoyote itakayopatikana.

Nia ni njema. Tatizo ni kwamba kamera inayofaa kule ni karibu kinyume cha inayofaa huku. Nitaliweka wazi tangu sasa, kwa msomaji anayesoma akiwa na dola mkononi: maji yanakoganda, nunua kamera inayolishwa na waya; Maniema ya kusini, nunua ile ambayo haina waya wowote unaoingia nyumbani. Wauzaji wa pande zote mbili watakwambia vingine, kwani ya betri inauzwa kirahisi kule, na huku ya waya huonekana ndiyo ya kitajiri.

Tuanze na kule. Fargo hupata usiku mwingi wa Januari unaoshuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Betri za kamera ndogo zisizo na waya karibu zote ni za lithiamu. Ndani yake chembe za lithiamu hupita kwenye majimaji ya kemikali, kutoka ncha moja hadi nyingine, na baridi ikizidi majimaji hayo huwa mazito, chembe zikachelewa njiani. Betri iliyodumu miezi tangu majira ya joto inaweza kuisha katika wiki chache. Hilo ni usumbufu tu: utaishusha, utaichaji ndani, utairudisha.

Kibaya zaidi ni kuichaji ikiwa nje. Chini ya nyuzi sifuri, lithiamu inayorudishwa na chaji haiingii mahali pake; hujikusanya juu ya ncha kama utando wa madini na haitoki tena. Betri inapoteza uwezo wake moja kwa moja, na inaweza kuwa ya hatari. Kwa hiyo kamera nyingi zilizotengenezwa kwa uangalifu hukataa kabisa kupokea chaji mpaka joto lipande juu ya sifuri. Sasa fikiria mtu aliyenunua kamera yenye pano ndogo ya sola ili asihangaike na ngazi kwenye barafu. Jua la Desemba la Fargo hudumu saa nane na nusu, na adhuhuri halifiki hata nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Theluji imefunika pano. Ikipanguswa, pano inatoa umeme kidogo, na betri inasema haipokei. Kamera inazimika wiki ileile ambayo milango imejaa vifurushi vya sikukuu.

Ndiyo maana ile namba kubwa ya kwenye boksi haitoshi. Mara nyingi inahusu mwili wa kamera na lenzi yake. Tafuta namba ya pili, iliyoandikwa kwa herufi ndogo: joto ambalo betri inaruhusiwa kuchajiwa. Ikiwa haikuandikwa, chukulia kwamba ni kuanzia sifuri kwenda juu.

Kamera ya waya haina shida hiyo. Kebo moja ya mtandao inapeleka umeme na kurudisha picha, hadi mita 100, na kifaa kinachofanya kazi muda wote hujipasha joto chenyewe kidogo. Zile za baridi kali zaidi huwa na kipasha joto kidogo nyuma ya kioo ili barafu isishike. Usiizime ukilala, kwa sababu kuwaka upya katika baridi ndio wakati mgumu kuliko wote kwake. Fanya kazi ya kufunga mwezi wa tisa, kabla plastiki ya kebo haijakakamaa. Kebo ya kawaida ikikunjwa kwenye baridi kali hupasuka ganda, na maji yataingia theluji itakapoyeyuka. Kamera yenyewe iweke chini ya upenu, lakini isikaribiane na ukuta mweupe wala lundo la theluji, maana mwanga wa infraredi unaotumiwa na kamera usiku hurudishwa na weupe huo, na picha nzima hugeuka kama imemwagiwa maziwa. Ukiiingiza ndani ghafla, unyevu wa nyumba utafanya matone juu ya lenzi na ndani yake, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki kwanza, ikae humo mpaka ipate joto la chumba.

Hapo mambo ya Fargo yamekwisha. Baridi ni adui mmoja, ana tabia moja, na hufika kwa tarehe inayojulikana. Maniema hatupewi adui mmoja.

Mwaka 2016 watafiti wa radi walichapisha orodha iliyotokana na vipimo vya setilaiti vya miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013. Walihesabu miali ya radi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Maracaibo la Venezuela liliongoza dunia kwa takriban miali 233. La pili lilikuwa eneo la Kabare, Kivu Kusini, kwa 205. La tatu duniani lilikuwa Kampene, kwa 177. Kampene ni yetu: iko wilaya ya Pangi, Maniema, kaskazini mwa Kasongo na Kabambare. Hewa yenye unyevu wa msitu hukutana na milima ya mashariki, inapanda, na mawingu makubwa ya ngurumo hujengeka karibu kila alasiri ya msimu wa mvua. Hakuna haja ya setilaiti kumwambia mama wa Kasongo jambo hilo. Yeye hufunga dirisha na kunyamazisha watoto kabla tone la kwanza halijagonga bati. Ila duka la mtandaoni halijui, na hakuna boksi la kamera nililoliona limeandikwa ni radi ngapi linaweza kuhimili.

Kwetu radi ni habari yenye pande mbili. Oktoba 1998 iliripotiwa Kinshasa kwamba mwali mmoja umeua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira huko Kasai huku wapinzani wao wakibaki wazima, na kabla ya jua kuchwa mjadala ulikuwa ni nani ameituma. Maniema nako watu huitofautisha radi ya Mungu na radi ya kutengenezwa. Sitaingia kwenye ubishi wa nani ameituma. Ninachoweza kueleza ni njia inayopitia, na njia hiyo ni waya.

Radi si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga mchikichi wa jirani mita mia mbili kutoka kwako, ardhi nzima ya hapo hupandishwa umeme kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na waya wowote mrefu uliotandazwa karibu hupokea mshindo wake. Kebo ya mita 40 kutoka getini hadi sebuleni ni ndefu ya kutosha. Ncha moja ina kamera, ncha nyingine ina kirekodi, televisheni, chaja ya simu na kidhibiti cha sola. Mshindo ukifika, hauli kamera peke yake. Unaingia sebuleni na kuchukua vyote vilivyoshikana. Wengi waliofunga kamera nne za waya kwa fahari wamejikuta na kamera nne na televisheni moja za kutundika ukutani kama picha.

Wako watakaosema dawa ni kuchomoa kila kitu ngurumo inaposikika. Ni dawa nzuri na ya bure, mchana. Usiku umelala. Na kuna jambo ambalo kila mwenye duka wa Kasongo analijua: mwizi hupenda mvua. Mvua ikipiga mabati huwezi kusikia kufuli likikatwa wala mbwa akibweka nyumba ya tatu. Zamu, yaani mlinzi wa usiku, naye amejibanza barazani. Ukichomoa kamera saa ya mvua umeizima saa ileile uliyoinunulia.

Taasisi yenye majengo mengi, kama hospitali, parokia, au ghala kubwa, haiwezi kukwepa waya. Hiyo iweke kinga ya radi katika ncha zote mbili za kila kebo, si moja, na kinga hizo zote ziunganishwe na fimbo ya ardhini kwa waya mnene, mfupi, uliokwenda moja kwa moja bila kukunjwakunjwa kwa ajili ya urembo. Radi haipendi kona. Fimbo ichimbiwe mahali panapobaki na unyevu hata mwezi wa nane, kwani ardhi iliyokauka haipokei umeme vizuri, na mvua za kwanza za kurudi ndizo zenye ngurumo nyingi huku ardhi bado kavu. Mafundi wengine humwaga chumvi na makaa ndani ya shimo. Inasaidia, lakini chumvi itaila ile fimbo ya chuma, ikaguliwe kila mwaka. Kama fedha ipo, kipande cha kuunganisha jengo na jengo kiwe cha nyuzi za kioo au cha mawimbi ya hewani, ili mshindo ukose daraja.

Mwenye nyumba au duka la kawaida asijitie gharama hizo. Achukue kamera inayojitegemea: pano yake, betri yake, kadi yake ya simu, imefungwa kwenye nguzo au ukuta bila waya hata mmoja unaoingia ndani. Radi ikiipata, itakufa peke yake. Isiwekwe juu ya kitu kirefu kuliko vyote katika uwanja, wala kwenye shina la mwembe mkubwa, hata kama kutoka hapo inaona mpaka barabarani.

Hapa ndipo yule mpwa wa Fargo anapopata mshangao. Kamera ya betri na sola iliyomshinda kule, ambayo huenda ameitupa kabatini kwa hasira, ndiyo aliyopaswa kuituma.

Isipokuwa betri ina mwisho wa pili. Lithiamu ya kawaida inaruhusiwa kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na nyuzi 45. Fargo inavunja sharti la chini. Kasongo inavunja la juu. Hewa yetu haifiki 45, la hasha, wastani wa mwaka unazunguka 25. Lakini boksi jeusi la plastiki lililobanwa juu ya bati, saa saba mchana, linapita hapo bila shida, na huo ndio wakati pano inasukuma chaji kwa nguvu zote. Betri inavimba. Kwa hiyo kamera na betri zikae kivulini chini ya upenu wa kusini au mashariki, na pano peke yake iende juani kwa waya mfupi. Chagua boksi jeupe. Anayetumia betri ya asidi, ile ya gari, akumbuke kanuni ya zamani ya mafundi: kila nyuzi 10 zaidi ya 25 hukata umri wake nusu, na betri ya gari haikutengenezwa kushuka hadi chini kila usiku, ilitengenezwa kuwasha injini na kurudishiwa chaji papo hapo. Zile za lithiamu yenye chuma na fosfati ni ghali, lakini zinavumilia joto na kazi ya kila siku kuliko zote mbili.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa kuifanya kwa kalamu kabla ya kununua. Kamera inayorekodi muda wote na kutumia mtandao wa simu hula kama wati 5. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 120. Msimu wa mvua unaweza kukupa siku tatu za mawingu mfululizo, kwa hiyo weka akiba ya 360. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, hivyo utahitaji 720, ambayo kwa volti 12 ni betri ya saa-ampea 60. Pano inayopata jua zuri la saa nne kwa siku ingetosha ya wati 30, lakini vumbi, joto na mawingu vinakula sehemu yake. Nunua ya 60. Sasa tazama kile kipande cha wati 5 kinachokuja ndani ya boksi. Hicho kimepimwa kwa kamera inayolala na kuamka tu ikihisi mtu. Ni mpango mzuri kwa ua mtulivu. Kwa duka linalotazama soko, ambako watu, mbuzi na pikipiki hupita tangu alfajiri, itaamka mara mia na kuishiwa kabla ya jioni. Ielekeze kwenye mlango, si barabarani, au uipange iamke usiku tu.

Mpwa atasema kwa WhatsApp: pano ielekee kusini, iinuliwe sana. Anasema kweli kwa upande wake, kwa sababu jua lake liko kusini na chini, na mwinamo mkali unadondosha theluji. Kwetu iinamie kaskazini kidogo, nyuzi 10 hadi 15, zitoshe kwa mvua kuosha vumbi. Kusema haki, karibu hivi na ikweta kukosea upande hakukugharimu sana. Kivuli cha mpapai kinachopita juu ya pano saa nne hadi saa sita kinakugharimu zaidi, na mpapai hukua haraka kuliko unavyodhani.

Kuhusu maji: tafuta alama ya IP66. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo kikomo chake. Ya pili ni ya maji, na 6 ina maana inastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. IP65 itapita chini ya upenu mpana. IP67, inayostahimili kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, ni ya mtu anayetarajia mafuriko. Kebo ya pano ishuke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye tundu lake, ili tone lidondokee kwenye kona hiyo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Wadudu wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa. Nyigu wa udongo hujenga kwenye tundu lolote la ukubwa wa kidole, pamoja na la kipaza sauti. Sisimizi huhamia ndani ya boksi la betri kwa joto lake. Buibui anatanda mbele ya lenzi, na usiku uzi wake mmoja uking'arishwa na infraredi huonekana mnene kama kamba ya meli. Kila ukitikiswa na upepo, kamera inatuma taarifa kwamba kuna mtu. Kitambaa kilichopakwa mafuta ya taa kidogo kwenye ukuta kuzunguka kamera, si kwenye kioo, hufukuza wengi. Epuka zile zinazowasha taa nyeupe usiku kucha. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua watajaa juu yake mpaka hutaona chochote, na utakachorekodi ni watoto wa mtaa mzima wamekuja na mabeseni. Infraredi haiwavuti hivyo.

Mtandao wa simu uko Kasongo mjini. Ukienda barabara ya Kabambare unakatika na kurudi, na ndani zaidi ya vijiji usahau. Hata mjini mnara hulala siku mafuta ya jenereta yakiisha. Kamera isiyo na kadi ya kumbukumbu, inayotegemea kuhifadhi kila kitu huko mbali kwenye kompyuta za kampuni, isiingie Maniema kabisa. Irekodi kwenye kadi yake, na itume picha moja tu ya tukio, maana video ya dakika kumi inaweza kumaliza vocha ya wiki.

Kuna swali zito zaidi, na watu wa Kabambare wataniuliza kabla sijamaliza: kamera inazuia nini? Salamabila, katika wilaya yao, upo mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo mwaka 2016 ikiwa na uzio, walinzi na fedha ambazo hakuna mwenye duka anaziota. Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama; wenye silaha walikuwa wameizingira mara nyingi mno. Kamera haikabili bunduki. Mbele ya watu wenye bunduki inaweza hata kukuponza, kwa sababu mwenye silaha yeyote, awe na sare au asiwe nayo, haamini kwamba jicho lile linatazama kuku wako tu. Usiielekeze kamwe kwenye bariere, kambi, wala njia wanayopita askari. Mahali ambapo makundi yanapita, ushauri wangu ni kutoifunga kabisa, fedha hiyo uinunulie taa ya sola inayojiwasha mtu akikaribia. Kamera ni ya mwizi wa kawaida, yule anayekujua na unayemjua, anayechukua pano, pampu ya maji, magunia ya mpunga na matairi ya pikipiki. Huyo anaogopa kutambuliwa, na kwa huyo inafaa.

Jirani naye ana haki zake. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda taarifa za mtu, sura yake ikiwemo. Lakini hata bila sheria, angalia kamera yako inaona nini kutoka pale juu. Bafu zetu nyingi ziko uani, ukuta wa matete au matofali usio na paa. Kamera iliyopandishwa mita nne kwenye nguzo inaona ndani ya bafu la nyumba ya pili. Ukisikia mama wa jirani amekuja na wazee wawili, hujaonewa. Ishushe, igeuze, au tumia ule mpangilio wa kuziba sehemu ya picha, kisha umwite baba wa nyumba ile atazame mwenyewe kwenye simu yako aone panavyoonekana peusi.

Na zamu asifukuzwe. Nimesikia wanaopiga hesabu kwamba kamera italipa gharama yake kwa mishahara ya miezi michache ya mlinzi. Hesabu hiyo inasahau kwamba kamera haipigi kelele mtaani, haimfukuzi mbuzi, wala haimjui mtoto wa nani anayezurura. Zamu aoneshwe picha zake, aelezwe kwamba ile ni macho yake ya upande wa pili wa nyumba. Asipoelezwa, ataielewa kama imewekwa kumchunguza anavyosinzia, na siku moja utakuta limewekwa gunia juu yake.

Kuna faida moja ambayo Fargo na Kasongo zinapeana na haiuzwi dukani. Majira ya baridi tofauti ya saa kati yao ni nane. Saa nane usiku Kasongo, wakati usingizi ni mzito kuliko wote, Fargo ni saa kumi na mbili jioni: mpwa ametoka kazini, anakula, simu iko mkononi. Na wakati yeye amelala saa nane ya usiku wake, huku ni saa nne asubuhi na shangazi yake yuko dukani akisubiri wateja. Taarifa za kamera ya Kasongo zikitumwa kwenye simu ya Fargo, na za Fargo zikaja Kasongo, kila nyumba inakuwa na mtu aliye macho. Wajuane tu mapema nani anapigiwa kwanza. Mpwa akiona mtu anakata dirisha, akimpigia shangazi hatamwamsha, simu imezimwa kuokoa chaji. Ampigie zamu, kisha jirani wa mkono wa kulia, kisha mkubwa wa avenyu; namba tatu, zimeandikwa kwenye karatasi pembeni ya jokofu huko Fargo, na zijaribiwe kila mwezi, maana huku watu hubadili kadi za simu bila kumwambia mtu.